Nusu Ng'ombe Iliyorudishwa

Delmar Kvistad aliendesha gari miaka thelathini na sita akiwa amekaa kiti cha abiria. Masanduku ya barua ya mashambani kwetu yamesimama ukingoni mwa barabara, upande wa kulia, na mpeleka barua wa wakati ule alitumia gari lake mwenyewe, la usukani wa kushoto kama magari yote ya huku. Basi mkono wa kushoto ulishika usukani, mguu wa kushoto ulinyooshwa mpaka kwenye pedali, na mkono wa kulia ulikuwa nje ya dirisha kiangazi na baridi, unatia barua. Mgongo wake ulipinda kwa kazi hiyo na haujanyooka tena. Akiingia kanisani utadhani anachungulia kitu nyuma ya mlango.

Nimemjua tangu tukiwa shule. Mimi ni Arlys Teigen, niliyekuwa karani wa hesabu kwenye maghala ya nafaka hapa Brandvik, na sasa ni mstaafu ninayejazia wazee wenzangu fomu za kodi bure pale maktaba, kila Jumanne. Sina subira, na wote wanajua. Huniletea makaratasi ndani ya mifuko ya mkate, yamechanganyika na risiti za mbegu na kadi za Krismasi, halafu wanaketi wananitazama kama mgonjwa anayengoja daktari aseme neno. Delmar peke yake ndiye aliyekuwa akileta makaratasi yake yamepangwa kwa tarehe na kufungwa kwa mpira.

Kuna jambo moja kuhusu Delmar ambalo mji mzima unalijua na hakuna anayelitaja. Mwaka wake wa ishirini na mbili kazini, Jumatatu moja ya Februari, aliona barua za Jumamosi za Enok Sather bado zimo kwenye sanduku. Enok alikuwa mzee aliyeishi peke yake juu ya kilima. Jumanne zilikuwa bado zimo. Jumatano sanduku lilijaa, na Delmar akafanya kama kitabu cha kanuni za posta kinavyosema: akazifunga barua zote, akazirudisha ofisini zikangoje. Alhamisi moyo ulimkataza kupita, akapanda kilima. Daktari alisema Enok alianguka jikoni Jumamosi na huenda alikuwa hai hadi Jumanne. Hakuna aliyemlaumu Delmar. Alifuata kitabu, na kitabu kilimpa haki.

Siku aliyostaafu alikwenda moja kwa moja kwenye jiko la kanisa. Pale chini ya kanisa letu tunapika chakula cha moto cha mchana kwa wazee wanaoishi peke yao, na anayepeleka ana sharti moja: unagonga, unangoja, na huondoki mpaka umeuona uso wa mtu. Delmar alichukua barabara ya kaskazini, nyumba saba, ya mwisho ikiwa ya Opal Lindahl, mwenye miaka tisini na mmoja na masikio yaliyokwisha staafu kabla yake. Miaka kumi alikwenda kila siku ya kazi, na sikumbuki akikosa.

Novemba iliyopita gari la jiko lilikufa. Fundi alifungua injini, akatazama, akafunga, akasema hatatuchukulia hata senti kwa maiti. Delmar alijaribu kwenda kwa kigari chake, lakini ile barabara ya kaskazini ni ya changarawe na vilima, na theluji ilikuwa imeanza. Mara mbili aliishia mtaroni. Mara ya pili alikaa humo muda wa saa tatu kabla trekta halijapita, na kamati ya jiko ikampiga marufuku. Wakasema wale saba watapigiwa simu kila siku, na kama gari halijapatikana mpaka mwaka mpya, barabara ya kaskazini itafutwa kwenye orodha. Opal hasikii simu. Jirani yake mmoja alikubali kumtupia macho Jumatano na Jumapili, na siku nyingine ndiyo hivyo tena.

Mfanyabiashara wa magari wa mji wa pili alikuwa na gari lililotufaa, lililotumika kidogo, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na kabati la kuweka chakula moto nyuma. Alitaka dola elfu kumi na tisa na alikubali kutuwekea hadi Jumamosi ya mwisho wa mwaka, si zaidi. Jiko lilikuwa limemaliza akiba yake kwa kulitibu lile gari lililokufa.

Jumanne ya kwanza ya Desemba Delmar akaja maktaba. Kwa kawaida hatuonani kwa mambo ya kodi mpaka Februari, kwa hiyo nilijua kuna kitu. Alisema sheria inamlazimisha kutoa kiasi fulani cha akiba yake ya uzeeni kila mwaka, kwa kuwa ameshapita umri, na mwaka huu bado hajatoa. Safari hii alitaka kutoa zaidi ya anacholazimishwa. Alitaka elfu kumi na tisa, noti mpya, amwekee Bernadine Pruska mkononi. Bernadine ndiye mkuu wa jiko na mtunza hazina wa kanisa, miaka kumi na tisa sasa.

Nilifanya hesabu kwenye bahasha yake. Zile fedha zilikuwa sehemu ya tano ya vyote alivyokuwa navyo. Kilichobaki kilikuwa cha kumfikisha kaburini, na hakikuwa na nafasi ya kuchezewa.

"Ukizitoa zikapita mikononi mwako, ni mapato yako," nikamwambia. "Serikali itakata elfu tatu na ushei kabla Bernadine hajaona kitu. Na usiniambie kwamba ni sadaka. Kwa mtu wa kipato chako, sadaka ya kutoa mfukoni haipunguzi kodi hata kidogo."

"Basi gari halinunuliki."

"Halinunuliki. Lakini ukiwa na umri wako, sheria inakuruhusu fedha zitoke kwenye akiba ziende kanisani bila kupitia kwako. Hapo hazihesabiwi mapato yako kabisa. Hakuna wa kukata."

Akafikiri. "Zinakwendaje?"

"Kampuni inayotunza akiba inaandika hundi kwa jina la kanisa, inatia posta."

"Posta." Alilitamka kama mtu aliyeambiwa alale nje.

"Delmar, miaka thelathini na sita umewaambia watu barua zao zitafika."

"Zilikuwa zinafika kwa sababu nilikuwa nazipeleka mimi. Huyu wa sasa simjui."

Nilitaka kumrushia bahasha. Lakini nilikuwa nimesoma vizuri maelezo ya kampuni yake, nikamwambia ipo njia nyingine: hundi inaandikwa kwa jina la kanisa vilevile, ila inatumwa nyumbani kwake, naye anaifikisha. Hawezi kuiweka benki wala kubadili hata herufi. Yeye ni wa kubeba tu.

Aliigeuza ile bahasha yenye hesabu. "Kwa hiyo ni barua ya mtu mwingine."

"Ni barua ya mtu mwingine."

"Hiyo naiweza," akasema, na alinyooka kidogo, kadiri mgongo ule unavyoruhusu.

Nilimpa onyo moja la mwisho. Kwa fedha za namna hii kanisa halipaswi kumpa kitu kwa malipo: si tiketi ya karamu, si sahani ya chakula, si chochote. Akipewa kitu, njia yote inaharibika na kodi inarudi pale pale. Na kanisa lazima limwandikie barua inayosema hakupewa kitu. Delmar alicheka akauliza ni nani katika Brandvik angemfikiria yeye kwa zawadi. Nami nikacheka, mpumbavu mimi, nikijua wazi kwamba ili hundi iandikwe ilibidi amwulize Bernadine jina kamili la kanisa lilivyosajiliwa, naye angejua kinachokuja.

Huku kwetu bakuli halirudi tupu. Ukiletewa viazi vya kuoka, bakuli linarudi na keki. Keki inajibiwa kwa mtungi wa jamu, na mtungi unarudi na kachumbari ya siki. Mtaani kwangu kuna nyumba mbili zinazorudishiana sahani moja ya bluu tangu watoto wao wakiwa wadogo, kwa kuwa hakuna anayekubali kuwa wa mwisho kupokea. Ukimpa mtu wa Brandvik kitu halafu ukamzuia kukurudishia, umemvua nguo. Na katika watu wote wa Brandvik, Bernadine ndiye aliyezidi. Huyu aliwahi kufanyiwa operesheni ya nyongo, na siku ya tatu daktari akakuta trei ya biskuti kwenye kiti chake.

Wiki mbili baadaye Delmar alinipigia simu akiwa na furaha ambayo si yake. Hundi imefika, iko mezani mwake, ataipeleka kesho Alhamisi. Halafu akaniuliza nyama ya shingo inachemshwa muda gani.

"Nyama ya shingo ya nani?"

Akaeleza. Jumatatu alikwenda kwa daktari wa meno, na aliporudi akakuta friza lake limejaa hadi mfuniko haufungi. Vifurushi vya karatasi nyeupe, kila kimoja kimeandikwa kwa mkono wa Bernadine. Mkulima mmoja alikuwa amelitolea kanisa ng'ombe kwa ajili ya karamu ya kukusanya fedha za gari, na Bernadine, kwa madaraka yake ya jikoni, alikuwa ameamua nusu yake ni ya Delmar.

"Umekula?"

Akauliza tena kuhusu nyama ya shingo, kama ni masaa mawili au matatu.

"Delmar, umekula?"

"Vipande viwili," akasema. "Vya mbavuni. Vilikuwa vitamu, Arlys."

Nilimpa vidonge vyake mpaka nikaishiwa pumzi, kisha nikavaa buti na koti nikaenda kwa Bernadine. Nilimkuta jikoni kanisani anamenya viazi. Nilimwambia tunachotaka ni barua fupi, yenye saini yake, inayosema Delmar hakupewa kitu. Aliendelea kumenya.

"Siandiki," akasema. "Nilimpa nusu ng'ombe. Nitaandikaje kwamba sikumpa kitu, tena kwenye karatasi yenye jina la kanisa? Mimi si mwongo, Arlys."

"Basi ichukue nyama yako."

Hapo kisu kilisimama. "Nimnyang'anye mtu chakula kilichokwisha ingia friza lake? Mama yangu angefufuka."

Nikamweleza sheria tangu mwanzo, polepole, kwa sauti ninayotumia kwa viziwi, na hilo halikusaidia. Aliniambia kwamba sheria iliyotungwa na watu wasio na adabu haimfundishi yeye namna ya kushukuru. Akasema mtu anayetoa sehemu ya tano ya mali yake halafu anaachwa aende nyumbani mikono mitupu, huo ni ushenzi, na kama ndivyo kodi inavyotaka basi kodi na iende ikaoge. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba nilimwelewa vizuri kabisa. Mimi pia ningejaza lile friza.

Alhamisi asubuhi nilikwenda na Delmar. Tulipakia vifurushi vyote katika masanduku manne ya ndizi, na kwa mgongo wake na magoti yangu ilituchukua safari nyingi kupanda na kushuka ngazi. Tulipoingia jikoni, wapishi wawili waliokuwapo walitazama masanduku, wakatutazama sisi, wakakumbuka kwamba wana kazi ghalani. Delmar aliweka sanduku la mwisho mezani mbele ya Bernadine, aliyekuwa na kisu cha vitunguu mkononi. Hundi ilikuwa katika mfuko wa ndani wa koti lake. Alikuwa amekataa kuitoa mpaka nyama iwe imerudi.

"Vimepungua viwili," akasema. "Nataka kuvilipia. Bei ya buchani."

Uso wa Bernadine ulikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Nimekukosea nini, Delmar? Nyama yangu ina ubaya gani?"

"Haina ubaya."

"Basi chukua. Usinidhalilishe mbele ya watu."

Nilifungua mdomo nianze tena habari za sheria, lakini Delmar aliinua mkono, na kwa kuwa si mtu wa kuinua mkono, nikaufunga.

"Enok Sather," akasema.

Sikuwahi kusikia jina hilo likitoka kinywani mwake, wala sidhani yuko aliyewahi. Alisema akiangalia meza. "Nilipita pale Jumatatu na Jumanne. Alikuwa hai, Bernadine. Nilikuwa mita mia mbili kutoka kwake na injini inanguruma, na kama alikuwa na akili zake alinisikia nikija na alinisikia nikiondoka. Nimekuwa nikilifikiria hilo kila siku. Mkono wangu ulikuwa ndani ya sanduku lake."

Bernadine aliweka chini kisu.

"Hili gari silinunui kwa ajili yako wala kwa ajili ya kanisa," Delmar akaendelea. "Nikila ng'ombe wako, nitakuwa nimelipwa. Sitaki kulipwa kwa hili. Usinilipe, nakuomba."

Nilikuwa nimeishika ile sheria ya kodi kwa wiki mbili kama fimbo ya kuwapigia watu, na mwenzangu alikuwa anataka kitu kile kile tangu mwanzo kwa sababu yake mwenyewe. Nililia pale, sioni haya kusema, na nilijipangusia taulo la vyombo.

Bernadine alifuta mikono kwenye aproni. Kisha akavuta sanduku la kwanza, akaanza kutoa vifurushi na kuvihesabu kwa sauti, kimoja kimoja, kama anavyohesabu sadaka. Alipomaliza akasema vimepungua viwili na bei ni dola ishirini na nane. Delmar akatoa thelathini, naye akamrudishia mbili, akamwandikia risiti. Ndipo Delmar akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa ile bahasha, akaliangalia jina kama alivyokuwa akifanya zamani mbele ya kila sanduku, na kumkabidhi.

Barua aliiandika pale pale. Ilisema kanisa limepokea kiasi kile kutoka akiba ya Delmar Kvistad, na kwamba Delmar Kvistad hakupewa kitu chochote. Alipofika hapo kwenye "chochote" alikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka. Nikamwambia inatosha, hata ikiwa na tundu. Nimeitia kwenye jalada lake, kwa sababu karatasi ya kampuni itakayokuja Januari itaonyesha tu kwamba fedha zilitoka, haitasema zilikwenda wapi, na mimi ndiye nitakayeulizwa.

Gari lililetwa Ijumaa, siku moja kabla ya mwisho. Jumatatu iliyofuata Delmar alikwenda kaskazini kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano, nami nikaomba kwenda naye. Nilisema ni kwa ajili ya kumsaidia kubeba, na hakuniamini. Aliendesha akiwa amekaa kiti cha dereva, na bado alikuwa akiegemea kulia. Nyumba sita zilikwenda vizuri: tulipewa lawama kwa kupotea, tukaambiwa habari za magoti na wajukuu, na nyuso zote sita tukaziona.

Kwa Opal theluji ya usiku ule ilikuwa imefika ngazi ya pili na haikuwa na alama ya mguu. Delmar aligonga. Hatukusikia kitu. Aligonga kwa ngumi, kwa kuwa ya Opal lazima igongwe kwa ngumi, tukangoja. Niliangalia dirishani, pazia lilikuwa limefungwa. Aligonga tena, na safari hii hakuacha, alipiga na kupiga, na nilipomtazama usoni nilitamani nisingemtazama. Nilimshika mkono wa koti. Aligonga kwa nguvu kiasi kwamba mchuzi ulikuwa ukimwagika kwenye trei niliyoshika mimi.

Kitasa kikazunguka. Opal Lindahl alisimama mlangoni katika sweta mbili, mkono mmoja ukiwa bado unavuta sketi yake juu.

"Mnataka kuvunja nyumba?" akasema. "Mtu hawezi hata kumaliza haja zake?"

Delmar alishusha ngumi. Alianza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, akalazimika kushika mwimo wa mlango. Opal alimwangalia juu na chini, kisha akaniuliza mimi huyu amekuwaje. Nikamwambia kwa kelele kwamba ni baridi tu. Akachukua trei yake, akafunua mfuniko, akanusa, akasema karoti zimeiva kupita kiasi kama kawaida ya Bernadine. Halafu akauliza kama na kesho atakuja mtu, au ndiyo tutapotea tena mwezi mzima.

"Kesho," Delmar akasema. Akajipangusa uso kwa kofia, akasogea karibu na sikio lake, akarudia kwa nguvu zake zote. "Kesho, Opal. Saa sita kasorobo. Nakuja mimi."

"Usinipigie kelele," Opal akasema. "Nimesikia."